Kabla Giaboksi Haijashuka, Kanyaga Klachi Kwanza

Jumanne iliyopita usiku, nikiwa mezani napiga hesabu za viazi, kijana mmoja wa Bungoma alinitumia ujumbe. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Mama, habari ya jioni. Corolla yangu ya 1998 imekataa rivasi. Nikiingiza inasaga, na asubuhi hata gia ya kwanza ni vita. Fundi amesema klachi imekwisha na kesho anashusha giaboksi. Jumla ni 22,000. Nimpe?"

Nilimjibu neno moja, ngoja, kisha nikampigia simu.

Gari likiwa limezimwa, gia zinaingia? Zinaingia, tena laini. Likipanda mlima, injini inanguruma huku gari halisongi? La, linavuta kama zamani. Hapo nilishajua kwamba pleti yake, ile sahani ya klachi inayobanwa ili gari lisonge, bado ina uhai, kwa sababu pleti iliyokwisha hujitangaza mlimani kwanza. Nikamwambia awashe gari, akanyage klachi mara nne mfululizo, ile ya nne aishikilie chini, ajaribu rivasi. Akatoka nje na simu mkononi. Nikasikia mlango, nikasikia injini ikiwaka, nikasikia pedeli ikigonga sakafu. Kimya kidogo. "Mama, imeingia!"

"Sasa fungua boneti uniambie kikombe cha mafuta ya klachi kina nini."

Kilikuwa kikavu. Chini kimebaki tope jeusi.

Asubuhi alilala chini ya gari na tochi ya simu, akaitafuta silinda ya chini, ile iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, akaivuta raba yake ya vumbi. Mafuta yakamwagikia mkononi. Raba za ndani alizinunua kwa shilingi 450, akaongeza chupa ya mafuta ya breki, na kijana wa gereji ya jirani akazifunga na kutoa hewa kwa 600. Saa nne asubuhi alikuwa njiani kwenda Kimilili. Alinitumia picha ya gari limeegeshwa kinyumenyume mbele ya duka lake, na mimi nimekuwa na furaha ya picha hiyo wiki nzima. Naandika makala hii kwa sababu maswali niliyomwuliza huyo kijana, mimi sikuulizwa na mtu. Kutoulizwa kwangu kulinigharimu pesa, mizigo, na jambo moja ambalo mpaka leo likinijia nikiwa barabarani nafunga kioo nikae kimya.

Wengi mnaonisoma mna gari la aina hiyo hiyo. La zamani, la gia za mkono, mmelirithi au mmelinunua kwa jasho, na linatakiwa lilishe nyumba. Kwa hiyo nitawaeleza yote.

Langu ni Toyota Hilux ya 1994, injini ya dizeli ya 2L, lita 2.4, la kuvuta kwa magurudumu ya nyuma. Aliniachia marehemu mume wangu. Napakia viazi Elburgon, au Molo bei ikipanda, nashika barabara hadi Mau Summit, napita njia panda ya Londiani, Kericho, Awasi, Ahero, naingia Kisumu alfajiri soko la Kibuye likifunguka. Magunia 20 ya kilo 50, yaani tani moja kamili. Sizidishi. Baadhi ya wateja wangu wako juu ya Kisumu, Majengo na Chavakali, kwa hiyo wiki nyingine sishushi mzigo wote Kibuye. Napita Kondele na Mamboleo, napanda Kiboswa. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba kutoka Mamboleo barabara inainuka kuanzia usawa wa ziwa na haikupi nafasi ya kupumua hadi Kiboswa.

Mwaka 2021 klachi ya kwanza ilikwisha kihalali, na kwa hilo simlaumu mtu. Dalili zote zilikuwepo. Gia ya tano nikikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda lakini wa mwendo hautikisiki. Baadaye gia ya nne ikafuata, kisha ya tatu. Pedeli ilikuwa imeanza kushika juu kabisa, mguu ukikaribia kuachia ndipo gari linasonga. Mwishowe ikaja harufu. Aliyewahi kuchoma kwato za mbuzi kwa ajili ya supu anaijua harufu ya klachi inayoungua, zinakaribiana sana.

Nilipeleka gari kwenye gereji moja hapa Nakuru. Fundi alishusha giaboksi, akaweka seti mpya: pleti, presha pleti inayoibana, na beringi ya rilizi inayosaidia kuiachia. Shilingi 14,500, na kazi yake 4,000. Silinda ya juu, ile inayokaa mbele ya pedeli, ilikuwa ikivuja kidogo ndani ya gari, kwa hiyo nayo akaweka mpya kwa 3,200. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Pedeli ilikuwa ngumu na fupi, ukigusa tu inafanya kazi, nami nikadhani huo ndio upya wenyewe.

Ishikeni hiyo pedeli akilini: ukigusa tu inafanya kazi.

Siku ya tisa nilitoka Elburgon saa saba usiku. Gari lilivuta vizuri hadi Mau Summit. Kabla ya Kericho, kwenye vilima vile vya kupanda na kushuka, likaanza tena. Injini inalia, gari linasinzia. Nikadhani naota. Nilifika Kisumu kwa gia ya pili na ya tatu, saa nne asubuhi, wanunuzi wangu wa jumla wameshachukua viazi vya wengine. Nikauza kwa bei ya kuomba. Cha ajabu, kesho yake alfajiri gari lilirudi Nakuru tupu bila tatizo lolote hadi nilipokaribia Salgaa.

Fundi akasema spea ilikuwa feki. Akashusha giaboksi mara ya pili. Pleti iliyotoka naikumbuka, maana nilibeba nyumbani. Uso wake ulikuwa mweusi unaong'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ilikuwa na madoa ya buluu. Lakini vichwa vya ribiti, ile misumari mifupi inayoshikilia uso wa pleti, vilikuwa bado vimezama ndani. Leo najua maana yake. Pleti iliyokwisha kwa kazi, ribiti huwa zimefika usoni; Toyota huweka kikomo cha milimita 0.3 kutoka usoni hadi kichwa cha ribiti, ikibaki pungufu ya hapo pleti inatupwa. Pleti yenye ribiti zilizozama na uso uliong'aa haikuchoka, imechomwa. Kitu fulani kilikuwa kikiizuia isibane sawasawa. Jibu lilikuwa mikononi mwetu wote wawili siku hiyo, tukaliweka kwenye gunia.

Nikalipa tena 14,500 na 4,000.

Seti hii ilidumu safari tano. Niliporudi, fundi hakufungua hata boneti. Alisimama mbele ya wateja wake, wanaume kama saba wamekaa kwenye matairi wanakunywa chai, akasema: "Mama, anayeichoma hii klachi ni wewe. Wanawake hukalia klachi. Tafuta dereva." Wakacheka.

Nimeendesha gari tangu 1999. Mume wangu ndiye alinifundisha, kwenye barabara ya vumbi ya Njoro, na somo la kwanza lilikuwa kwamba mguu wa kushoto ukimaliza kazi yake uwekwe sakafuni. Lakini nilisimama pale nikaamini. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko pesa. Nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba naharibu gari la marehemu kwa mguu wangu mwenyewe, na nikaajiri dereva kwa shilingi 1,500 kila safari. Dereva mzuri, mtulivu, mwenye miaka mingi ya malori. Safari yake ya tatu alinipigia simu kutoka njia panda ya Londiani: "Mama, klachi inateleza."

Hapo ndipo mtu mwenye akili tulivu angejua kwamba mguu si tatizo. Mimi nililia tu.

Aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja wa Kondele. Nilikuwa nimerudi usukani mwenyewe, maana fedha za dereva ziliisha. Nilifika Kibuye salama, nikashusha magunia 12, nikabaki na manane ya Chavakali. Kupanda Kiboswa, saa sita mchana, joto la Kisumu mnalijua, foleni ya malori ya miwa mbele yangu. Katikati ya mlima gari likakataa kabisa. Gia ya kwanza, mafuta hadi chini, injini inapiga kelele na gari limesimama kama limefungwa kamba. Harufu ile. Sikuwa na la kufanya ila kuligeuza kwa msaada wa vijana wa pikipiki na kuliachia lishuke taratibu kwa breki hadi Mamboleo, na kutoka hapo likavutwa hadi Kondele.

Mzee hakushika spana. Aliniletea kiti akaniuliza: "Inateleza ikiwa baridi?"

Nikasema hapana, asubuhi huwa haina neno.

"Inaanza baada ya muda gani?"

Kama saa moja na nusu. Mapema zaidi jua likiwa kali.

"Na tangu lini?"

Tangu ibadilishwe.

"Mama, walibadilisha nini kingine siku hiyo?"

Nikamwambia silinda ya juu. Akainuka. Aliinama kwenye upande wa dereva akaisukuma pedeli kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepima kama chungwa limeiva. Akaniita niweke kidole changu. Haikuwa na mchezo hata kidogo. Ukiigusa tu, tayari unasukuma mafuta. Kisha akaingia chini ya gari, bado la moto, akaifungua robo mzunguko ile nati ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini. Hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga pedeli. Mafuta yakaruka yenyewe kama maziwa ya ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa. Akaifunga. "Washa, weka gia ya tatu, vuta breki ya mkono, achia klachi." Nikaachia. Injini ikazimika palepale.

Klachi iliyokataa kunipandisha Kiboswa saa moja kabla ilikuwa imeshika kiasi cha kuizima injini ya dizeli. Nilitoka kwenye gari nikamshika mzee mkono wote.

Nawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo pesa zangu zilipopotelea. Klachi ya gari kama langu haina kebo. Ukikanyaga pedeli, fimbo fupi inaisukuma pistoni ndani ya silinda ya juu. Mafuta yanapita kwenye bomba na hosi ya mpira hadi silinda ya chini, nayo inaisukuma foki, yaani mkono wa chuma, foki inaisukuma beringi ya rilizi kwenye vidole vya presha pleti, na presha pleti inaiachia pleti iliyobanwa kwenye flaiwili. Ukiinua mguu, kila kitu kinarudi nyuma. Pistoni ya juu ikirudi hadi mwisho wake hufungua kitundu kidogo, na kupitia kitundu hicho mafuta yaliyopata joto na kupanuka hurudi kikombeni. Ile fimbo ya silinda mpya ilifungwa ikiwa ndefu mno. Pistoni haikuweza kurudi hadi mwisho, kitundu kikabaki kimezibwa. Gari likiwa baridi, hakuna shida. Injini na silensa zikipasha joto, mafuta yanapanuka, hayana pa kwenda, yanaisukuma silinda ya chini kana kwamba mtu amekanyaga klachi kidogo. Mtu huyo alikuwa akiikanyaga kutoka Mau Summit hadi Kisumu, na hakuwa mimi.

Mzee alilegeza nati kwa spana ya namba 12, akaizungusha fimbo kwa koleo, akakaza. Akanionyesha: pedeli iwe na mchezo mwepesi wa milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kuwa nzito. Dakika kumi. Akaomba shilingi 500. Nilimpa 1,000 na gunia moja la viazi. Ile seti iliyoungua nusu, ambayo fundi wa Nakuru alikuwa tayari kuitupa, ilinibeba miezi kumi na minne mingine.

Sasa ninyi wenzangu. Kabla giaboksi haijashuka, kanyaga klachi kwanza. Kanyaga kwa kidole, kanyaga kwa mguu, kanyaga gari likiwa baridi, kanyaga likiwa moto. Pedeli inasema mengi kuliko fundi aliyesimama mbali.

Kwanza jua gari lako linaumwa ugonjwa gani, maana watu huita kila kitu "klachi imekwisha". Kuna klachi isiyoshika na kuna klachi isiyoachia, na ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Isiyoshika ndiyo inayoteleza mlimani. Kipimo chake ni kile alichonifanyisha mzee: mahali tambarare na wazi, mawe mbele ya magurudumu, breki ya mkono imevutwa, gia ya tatu au ya nne, resi kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Fanya mara moja, mbili basi, ukirudiarudia utaichoma mwenyewe. Na ukikuta inateleza, usikimbilie pleti. Uliza: pedeli ina mchezo? Inateleza ikiwa moto tu? Ukiifungua nati ya kutolea hewa inaacha kuteleza? Hosi ya mpira ikizeeka nayo huvimba kwa ndani na kuyazuia mafuta yasirudi, na pedeli yako utaiona inarudi kivivu. Yote hayo unayajua giaboksi ikiwa mahali pake.

Isiyoachia ndiyo ya yule kijana wa Bungoma. Rivasi inasaga, gia ya kwanza inagoma, lakini ukizima injini zote zinaingia. Kanyaga pedeli hadi mwisho, hesabu hadi kumi, ingiza rivasi. Ikisaga hata baada ya kungoja, klachi haiachii. Piga pedeli mara kadhaa. Ikikubali baada ya hapo, una hewa au mafuta yanavuja. Angalia kikombe. Angalia juu ya pedeli, ndani, chini ya dashibodi, kama kuna unyevu unaotiririka ukutani. Angalia silinda ya chini, vuta raba ya vumbi. Na kikombe kikiwa kimejaa usifurahi haraka: raba za silinda ya juu zinaweza kuwa zimechoka zikapitisha mafuta humo ndani bila tone kuanguka chini. Hilo unalijua ukisimama tambarare, injini inawaka, gia ya kwanza, klachi imekanyagwa. Gari likianza kusogea lenyewe baada ya muda na mguu wako haujainuka, ni silinda ya juu.

Kuna mtu aliniuliza mwezi uliopita atajuaje tone lililo chini ya gari ni la nini. Liweke kwenye maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji, ya injini na ya giaboksi huelea. Tone likitoka chini kabisa ya lile kava linalofunika klachi, na ni la mafuta mazito, basi kuna sili, ile raba ya kuzuia mafuta, iliyokufa huko ndani na pleti yako huenda imelowa. Hapo, ndiyo, giaboksi ishuke, na sili ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ukiweka pleti mpya ukaiacha sili iliyokufa, utarudi kushusha tena.

Na kikombe kikipungua, tia mafuta ya breki, basi. Nimeona mtu akitia mafuta ya injini pale Ahero. Raba zote huvimba, na gari lililohitaji raba za 450 linahitaji silinda zote mbili. Mafuta ya breki yasimwagikie rangi ya gari pia, huibabua.

Sauti nitazipitia upesi. Kelele ikianza unapokanyaga klachi na kuisha unapoachia, hiyo ni beringi ya rilizi. Kelele ikiwepo gari likiwa nyutro na mguu umeachia, ikanyamaza ukikanyaga, hiyo inatoka kwenye giaboksi yenyewe, kwa kawaida beringi ya shafti ya mbele. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, kabla ya kuilaumu pleti mwambie mtu aangalie zile raba zinazoshikilia injini. Injini inayocheza kwenye viti vyake hutetemesha gari lote, na raba zake zinaonekana kwa macho.

Magari yenye kebo mna kazi ndogo zaidi. Kebo huchakaa, hukwama, hukazwa kupita kiasi. Kanuni ni ile ile, pedeli iwe na mchezo.

Wengine mtasema mama, mimi si fundi, nitajuaje haya. Mimi pia si fundi. Nauza viazi. Lakini gari ni lako na pesa ni zako, na fundi anayekasirika ukimwuliza "umejuaje?" bado hajajua. Fundi anayejua hafichi. Yule mzee alinishika kidole akakiweka kwenye pedeli, ili niisikie mwenyewe. Ukipeleka gari, usiseme "nibadilishie klachi". Ukisema hivyo umeshajiandikia dawa, naye atakuuzia. Sema gari linafanya nini, lini, likiwa moto au baridi, limebeba au tupu, na baada ya matengenezo gani. Kisha nyamaza umsikilize anauliza nini. Asipouliza kitu, chukua ufunguo wako.

Dai spea yako ya zamani. Iangalie ribiti, uangalie rangi ya uso wake. Usikubali kuambiwa mguu wako ndio mbaya kabla mtu hajakaa kando yako akauona ukiendesha. Kama kweli unapumzisha mguu juu ya klachi, au unalishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, basi badilika, kwa sababu hata fundi mwaminifu hataweza kukusaidia. Lakini wewe dada unayeambiwa unaharibu gari kwa sababu ni mwanamke, nisikilize mimi niliyeambiwa mbele ya wanaume saba. Mwambie akupimie mchezo wa pedeli. Simama hapo mpaka aupime.

Ile gereji bado napita mbele yake. Sijawahi kurudi, na sijawahi kuwaambia. Niliwahi kupunguza mwendo mara moja, nikaona kuna mama mwingine amesimama kando ya gari lake amekunja mikono, nikataka kushuka. Sikushuka. Najuta.

Kijana wa Bungoma amenipigia tena leo asubuhi. Pedeli yake ni nzuri lakini inarudi polepole. Nimemwambia aishike hosi kwa mkono wakati mtu mwingine anakanyaga, asikie kama inavimba. Inavimba. Basi anatafuta hosi, na mimi nimekumbuka kwamba hosi yangu ni ile ile ya tangu gari linunuliwe. Nimeshanunua nyingine, iko kwenye kidroo cha dashibodi. Alhamisi napakia Elburgon, na nikimaliza Kibuye nitapita Kondele kabla sijapanda Kiboswa.